Tabaka la Uchafu

Wengi wanaovaa fulana zenye picha hudhani kazi ilianzia kwenye wino. Ukiwaambia kuna mtu anayeshinda kutwa nzima akiisafisha picha kabla haijaguswa na wino, wanakutazama kama unayetaka kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Lakini mtu huyo yupo. Ana miaka hamsini na minane, ana miwani ya aina mbili, ya kuonea karibu na ya kuonea karibu zaidi, na mtaa mzima unamwita Toa Doa.

Jina hilo hakulipatia kwenye kompyuta. Alilipata enzi za usichana wake, alipoajiriwa katika studio ya picha kushika kibrashi chembamba na kuziba vidoa vyeupe vilivyoachwa na vumbi kwenye sura za watu. Alikuwa na jicho la mwewe na mkono usiotikisika. Siku moja, katika kasi ya kazi, akamwondolea bi harusi kidoa cheusi shavuni. Kumbe kilikuwa alama ya kuzaliwa, na bwana harusi alikuwa ameipenda hiyo alama kabla hajampenda mwenye shavu. Alirudi studio na picha mkononi, akauliza kwa upole kabisa huyu mwanamke ni nani. Toa Doa alipomaliza kulia chooni alijiwekea sheria ambayo hajaivunja mpaka leo: uchafu unaondolewa, lakini hautupwi.

Studio ilikufa siku watu walipoanza kutembea na kamera mfukoni. Yeye hakufa nayo. Akiwa na miaka arobaini alijiandikisha darasa la kompyuta, akakaa katikati ya vijana waliomuuliza kama amekuja kumsubiri mwanawe. Aliwajibu kwamba ndiyo, na kwamba mwanawe akifika watasoma wote. Wiki ya tatu vijana wale wale walikuwa wakimwita waone alivyoiponya picha iliyochanika. Mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa na mashine ya kuchapia fulana lakini hakuwa na mtu wa kumwandalia picha, alipopata habari hizo hakungoja hata chai ipoe. Alikuja kumposa kikazi.

Hivyo ndivyo walivyokuja kukaa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Chumba cha mbele ni cha Toa Doa: meza, kompyuta, skana yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira, pazia zito la kuzuia jua lisimdanganye rangi. Cha nyuma ni cha Shemeji: mashine ya mikono minne, rafu ya fremu zenye wavu, kikaushio kinachokoroma kama mtu mnene. Katikati kuna ukuta wenye tundu la mraba, ambalo zamani lilikuwa dirisha. Kupitia tundu hilo hupita kazi, matusi ya utani, na vikombe vya chai.

Kazi yenyewe ukiielewa huiachi. Kila rangi kwenye fulana ina fremu yake, na kila fremu inataka picha yake, nyeusi tupu kwenye plastiki angavu. Rangi tatu, fremu tatu, na zote lazima zikae mahali pamoja, zisipishane hata kwa upana wa unywele, la sivyo midomo itachapwa shingoni. Wateja hawayajui hayo. Wanaleta nembo iliyopigwa picha ukutani kwa simu ya mtu aliyekuwa anatembea, halafu wanasema, fanya tu kama ilivyo. Toa Doa anashusha pumzi, anabadili miwani, anaanza kuchora upya.

Ana udhaifu mmoja, nao hauna dawa: anapenda kujua. Kuuliza si ujinga, na yeye anauliza kwa niaba ya mtaa. Timu ya mpira ikileta nembo ya simba, atataka kujua kwa nini simba ana kucha sita. Kikundi cha kina mama kikileta picha ya chungu, atauliza ndani ya chungu mna nini. Shemeji humkumbusha kupitia tundu kwamba wao ni wachapaji, si wapelelezi. Naye humjibu kwamba anayechapa asichokijua ana tofauti gani na mashine.

Jumatatu moja akaingia mteja mwenye sare nyeupe chini ya sweta, nesi wa zahanati ya jirani, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza kwa vidole vya mtu aliyezoea kufungua vidonda. Alitaka fulana ishirini na sita, rangi ya maziwa, za siku ambayo ndugu zake wote na watoto wao wangekusanyika kwa baba yao na kupiga picha pamoja. Ingekuwa mara yao ya kwanza kukutana wote tangu mama yao afariki.

Karatasi ilikuwa hati ya mizigo. Nyuma yake mtu alikuwa amechora kwa kalamu ya wino wa bluu na kutia rangi za penseli: nyumba yenye bati jekundu, mbele ya mlango watu sita wamejipanga. Watoto wanne kutoka mdogo hadi mkubwa, mama mwenye gauni la njano, na mwanamume mrefu mwenye kofia. Kutoka mlangoni barabara ilipanda kushoto, ikazidi kuwa nyembamba, ikapotelea mlimani.

Toa Doa akauliza nani kachora. Nesi akasema ni baba yake, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Sasa ana miaka sabini na tisa, na tangu apigwe na kiharusi miaka miwili iliyopita hasemi, na upande wa kulia hauinuki. Karatasi aliikuta kwenye mkoba wa mama, katikati ya kadi za hospitali.

"Na huyu mwenye kofia?"

"Ndiye baba mwenyewe," nesi akasema. "Ndiyo maana naipenda. Mimi ni kitindamimba, mama. Baba nilimjua kwa matope ya buti zake mlangoni. Nikimuuliza mama baba yuko wapi, anasema yuko njiani. Kila siku yuko njiani, mpaka neno lenyewe nikalichukia. Hii ndiyo picha pekee ninayoijua ambayo sote tuko nyumbani."

Toa Doa alitaka kuuliza mengine, hasa kwa nini mtu achore barabara ndefu hivyo bila kuweka kitu juu yake, hata kuku. Lakini nesi alikuwa anawahi zamu, na Shemeji alikuwa ameshachungulia kwenye tundu mara mbili. Swali likabaki mdomoni kama mwiba wa samaki.

Akaiweka karatasi kwenye skana. Alipoikuza picha, akaona alivyotarajia: mikunjo minne iliyoingia vumbi, tone la chai, alama za kidole chenye grisi, na madoadoa ya kila namna yaliyotapakaa kuanzia bati hadi mlima. Akafanya kama anavyofanya siku zote. Alifungua tabaka jipya ndani ya faili, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, akaliita Uchafu, akaanza kuyaokota madoa moja moja kutoka kwenye mchoro na kuyahamishia huko. Alihesabu thelathini na moja.

Moja lilimshika kidogo. Lilikuwa la kijivu, dogo kama punje ya ufuta, juu kabisa ya barabara, pale pale mkunjo ulipopita. Kila kitu kwenye mchoro kilikuwa cha bluu, chekundu au cha njano. Kijivu ni rangi ya vumbi. Alitaka kulikuza zaidi alitazame vizuri, na mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya, Shemeji akaita kutoka nyuma kwamba wavu umeshapakwa dawa na ukiendelea kungoja utaharibika. Toa Doa, ambaye huuliza simba ana kucha ngapi, doa lile hakuliuliza chochote. Alilihamishia kwenye Uchafu na wenzake.

Fulana zilitoka nzuri mno. Bati lilikuwa jekundu la kukolea, gauni la njano lilikaa ndani ya mistari yake, barabara ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Shemeji, ambaye husifu mara moja kwa mwaka, alisema hii inapita. Nesi alizichukua Ijumaa, akashukuru, akaondoka na boksi kichwani.

Jumanne akarudi na boksi lile lile. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Alisema hataki kugombana na mtu, kazi ni nzuri, ila baba amekataa. Alimkunjulia fulana mapajani, na mwanzoni mzee alifurahi, akagusa nyumba, akagusa gauni la mama. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kupanda na kushuka juu ya fulana, mara tatu, mara nne, kama anayetafuta kifungo gizani. Halafu akaisukuma ikaanguka chini. Tangu hapo kila akiletewa anageuza uso ukutani. Wamejaribu kumvalisha kwa utani, kwa kubembeleza, mpaka kaka mkubwa wa nesi alipopiga simu na kumsihi. Hataki.

"Kama haivai yeye, sisi tunaivaa ya nini?" nesi akasema. "Watu wanatoka mbali kwa ajili yake. Nikifikiria tukae pale tumevaa sote na yeye amegeukia ukuta, naona bora picha isipigwe. Na sijui kama tutampata tena siku nyingine."

Shemeji alitoka nyuma akijifuta mikono. Kwa heshima zote alieleza kwamba mchoro ni ule ule, rangi ni zile zile, na mzee wa miaka sabini na tisa ana haki ya kukataa fulana kama anavyoweza kukataa uji. Nesi aliinamisha kichwa, kwa sababu hata yeye alikuwa akifikiria hivyo hivyo.

Toa Doa hakuwasikia vizuri. Alikuwa anaiona tena picha ya bi harusi asiye na alama shavuni. Akakunjua fulana mezani.

"Mwanangu, hebu nionyeshe. Mkono wake ulikuwa unapita wapi?"

Nesi akafikiri, kisha akaupitisha wake. Haukupita kwenye nyumba wala kwa watu. Ulianza mlangoni, ukafuata barabara, ukapanda mpaka juu.

Siku iliyofuata Toa Doa alibeba kompyuta yake ndogo kwenye mfuko wa sokoni, juu yake akaweka kanga asionekane amebeba kitu cha maana, akaenda. Shemeji alimuuliza tangu lini wachapaji wanamfuata mteja nyumbani. Alimjibu tangu waanze kufuta vitu vya watu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, kijana wa zamani mwenye mabega mapana yaliyoanza kumwacha. Toa Doa akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba." Mzee akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nesi alieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyoelewana: vidole viwili ni ndiyo na ni salamu, ngumi ni hapana.

Toa Doa akavuta stuli, akajitambulisha kuwa ndiye aliyeandaa picha yake. Akamwambia, bila kuzunguka, kwamba anadhani amemfutia kitu, na amekuja aonyeshwe ni kipi. Bila shaka mzee hakuwa amezoea kuombwa radhi kabla hajalalamika, maana alivuta kiti chake mbele kwa mguu mzima.

Toa Doa akafungua faili. Akazima tabaka la bluu, nyumba ikaondoka. Akazima jekundu, akazima njano. Ukabaki ukurasa mweupe wenye madoa thelathini na moja tu, yametapakaa kama makombo mezani baada ya watoto kula. Nesi aliona aibu kidogo, akasema, mama, huo si uchafu? Toa Doa akamwomba anyamaze.

Mzee aliinama. Kidole kilitembea juu ya kioo, kikaruka tone la chai, kikaruka alama za grisi, wala hakikusita. Kikatua juu kushoto, kwenye punje ya ufuta ya kijivu. Kikakaa hapo.

Toa Doa alibadili miwani. Akaikuza punje mara mbili, mara nne, mara kumi, na kwa kila hatua akazidi kuinama mpaka pua yake na ya mzee zikawa karibu kugongana. Ilikuwa penseli ya kawaida, iliyochongwa ikawa kali, na mkono ulioishika ulikuwa umebana pumzi. Kulikuwa na kijisanduku. Chini yake kulikuwa na vinukta viwili, magurudumu. Kulikuwa hata na kioo cha mbele.

"Lori," nesi akasema.

Sasa udadisi wa Toa Doa ulikuwa umefunguliwa mlango, na ukifunguliwa hauingii kwa hodi. Akarudisha tabaka la bluu, watu sita wakasimama tena mlangoni. Akamwekea kidole mwanamume mwenye kofia, akauliza, "Baba, huyu ni wewe?"

Ngumi.

Nesi akacheka kidogo, cheko la mtu anayeona mgonjwa amechanganyikiwa, akauliza yeye mwenyewe. Ngumi tena. Akatoka nje kumpigia kaka yake mkubwa, na dirisha likiwa wazi walimsikia akiuliza swali lile lile mara mbili. Aliporudi alikuwa amekaza uso. Kaka kamwambia mwenye kofia ni mjomba wao, mdogo wa mama, aliyekaa nao miaka mitano kuwaangalia, akaondoka nesi akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Baba hakuwahi kuvaa kofia maishani. Alikuwa akisema inamchemshia kichwa.

"Kumbe hata hapa hayupo," nesi akasema. Alisema taratibu, kwa baba yake, kwa mama aliyekufa, na kwa ile karatasi. "Nimekaa na picha hii mwaka mzima, nikadhani angalau hapa yupo."

Mzee alijipiga kifuani mara moja kwa mkono wa kushoto. Kisha akarudisha kidole kwenye lori. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja tu.

Chumba kilikuwa kizito, na mtu mwingine angefunga kompyuta akaaga. Toa Doa hakuweza. Kulikuwa na kitu nyuma ya lile lori ambacho bado hakijamjibu, michirizi mitatu minne myepesi, kama ukungu. Akaikuza mpaka picha ikakaribia kuvunjika vipande vya mraba. Ilikuwa vumbi. Akalitazama lori lenyewe, akatazama kioo cha mbele kimeelekea wapi, akalitazama vumbi tena.

"Njoo hapa mwanangu," akamwambia nesi. "Gari likitembea, vumbi linakaa wapi?"

"Nyuma."

"Hili vumbi liko upande wa mlima. Kioo kimetazama nyumba." Akamgeukia mzee. "Baba, hapa unaondoka au unakuja?"

Mzee hakuinua vidole, kwa kuwa swali halikuwa la ndiyo au hapana. Aliweka kidole juu ya mlima, akakiteremsha polepole kwenye barabara yote, kona kwa kona kama dereva anayejua mashimo yake, mpaka kikafika mlangoni, miguuni pa mtoto mdogo kuliko wote. Nesi aliketi sakafuni pale pale na sare yake nyeupe.

Akirudi karakana Toa Doa alikuwa anatembea kama ana miaka ishirini. Kabla hajaaga alikuwa amewauliza mzee na nesi kama alikuze lile lori, lionekane vizuri, na alikuwa amemwonyesha mzee lori lenye ukubwa wa kiberiti. Alipata ngumi ya haraka. Akapunguza hadi ukubwa wa kifungo, akapata ngumi. Alipolirudisha kuwa punje ya ufuta ndipo vidole viwili vilipoinuka, na Toa Doa akaelewa. Ukisimama mlangoni, lori la baba lililoko mlimani huwa hivyo. Likiwa kubwa limeshafika, na kungoja kumekwisha. Baba aliyekuwa mbali ndiye aliyechora kile wanachokiona wanaomngoja.

Shemeji alisikiliza yote hayo kupitia tundu. Kisha akauliza kama ameelewa sawasawa: wachukue fulana ishirini na sita zilizokwisha kuchapwa, wazifunge tena moja moja kwenye mashine, watafute mahali pale pale bila kukosea hata kidogo, ili wachape doa?

"Doa la kijivu," Toa Doa akasema. "Lenye vumbi nyuma."

"Shemeji, mimi nimechapa simba, nimechapa maua, nimechapa sura za watu ambao hata mama zao wangewakataa. Doa sijawahi. Watu wanatulipa tusichape madoa."

Lakini alikuwa ameshasimama kwenye rafu. Mtu wa kazi ukimwambia jambo haliwezekani hukubali, ukimwambia ni dogo sana hukasirika. Wavu wa kawaida ulikuwa na matundu makubwa. Magurudumu yangechapika, lakini vumbi lingepotea, na bila vumbi huwezi kujua kama baba anakuja au anakwenda. Alitafuta fremu yenye wavu laini kuliko zote alizokuwa nazo, aliyoinunua zamani kwa majivuno na hakuwahi kuitumia. Toa Doa akaongeza unene wa michirizi kwa kiasi ambacho macho hayangeona lakini wavu ungeweza kushika. Mara ya kwanza vumbi halikutoka. Mara ya pili likatoka jingi, lori likaonekana linaungua. Ya tatu, kwenye kitambaa cha majaribio, Toa Doa alibadili miwani, akainama, kisha akasema, linakuja.

Wino waliuchanganya pamoja, kwa sababu hakuna mkebe unaouzwa wenye rangi ya uchafu. Walishinda Alhamisi na Ijumaa nzima. Fulana moja ilipishana, lori likaingia shambani, ikabidi wachape nyingine mahali pake, na Shemeji akajilaumu mpaka Toa Doa akamwambia hiyo atavaa yeye mwenyewe, kila familia ina dereva wake mbaya.

Jumamosi asubuhi alizipeleka kwa mkono wake. Uwanja ulikuwa umejaa watu wanaofanana pua. Alitaka kukabidhi boksi na kuondoka, wakamkatalia, wakamkalisha kwenye kiti karibu na mlango ambapo angeona kila kitu. Kwa mtu wa tabia yake hapakuwa na zawadi kubwa zaidi.

Nesi alimkunjulia baba yake fulana mapajani. Mkono wa kushoto ulipanda barabara. Wote wakasogea karibu, hata waliokuwa hawajui wanasogelea nini. Kidole kilifika juu, kikasimama, kikasugua kidogo mahali hapo kuhakikisha hapafutiki. Kisha mzee akanyoosha ule mkono hewani, kama mtoto anayengoja kuvishwa, na wanawe wanne wakamvisha.

Walipokuwa wanajipanga kwa picha, mjukuu mmoja, binti wa miaka sita hivi mwenye pengo la meno mawili ya mbele, alikuwa ameivuta fulana yake na kuikagua. Akalamba kidole, akaanza kusugua juu kushoto kwa bidii. Toa Doa alinyanyuka nusu kwenye kiti. Hata yeye mwenyewe, miaka yote hiyo, alikuwa akisugua madoa hivyo hivyo.

"Shangazi," mtoto akasema, "yangu ina doa."

Nesi aliinama, akamshika ule mkono.

"Usifute," akasema. "Huyo ni babu. Yuko njiani."

Mtoto alikichungulia kile kinukta kwa jicho moja. Akauliza kama atafika leo.

Mzee, aliyekuwa nyuma yao kwenye kiti chake na anasikia kila neno, aliinua vidole viwili.